Kamusi ipi ikusaidie kusema "nahitaji sana" kwa Kiingereza? Oxford, Longman na TUKI zikipimwa kwa vielezi vitatu

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini barua za ofisi bado huandikwa kwa Kiingereza. Mkimbizi Mkongo wa Nakivale anayeomba ufadhili wa masomo ya mwanawe, mfanyabiashara wa Busia ambaye mzigo wake umekwama mpakani, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa wa UNEB: wote hufika mahali ambapo "very much" haitoshi. Wanataka kusema kwamba shida imewakaba. Kiingereza cha kila siku kina vielezi vitatu vya kazi hiyo, "badly", "urgently" na "desperately", na kila kimoja kina masharti yake.

Hapa tumezipima kamusi kwa kazi hiyo moja tu. Ukiifungua kamusi ukitafuta kimoja cha vielezi hivyo, je, utaifunga ukiweza kuandika sentensi ambayo mwalimu hataipigia mstari mwekundu? Jibu letu kwa ufupi: tovuti ya bure ya Oxford Advanced Learner's Dictionary ndiyo bora kwa anayeandika. Longman Dictionary of Contemporary English, ambayo nayo ni bure mtandaoni, inamfaa zaidi anayeanza, na inaishinda Oxford katika jambo moja kubwa tutakalolieleza. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996, ni nzuri kwa kusoma, lakini usiitegemee peke yake unapoandika.

Tuanze na TUKI kwa kuwa ndiyo wengi huikimbilia. Kamusi ya lugha mbili humpa msomaji maana ya neno kwa mkato, na maneno kama "desperately" mara nyingi huwekwa chini ya kivumishi chake, "desperate", bila mifano ya kutosha. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakitumii kielezi kimoja mahali pote ambapo Kiingereza hutumia "desperately". Mtu aliye "desperately ill" kwetu ni mahututi. Aliye "desperately poor" ni maskini hohehahe, fukara wa kutupwa. Anayejaribu jambo "desperately" anajaribu kwa udi na uvumba, au anapigana kufa na kupona. Na mwenye kuhitaji kitu "desperately" anakihitaji mno. Hizo ni tafsiri nne na hakuna inayoweza kukaa mahali pa mwenzake. Mwanafunzi aliyekariri kwamba neno hili ni "kwa kukata tamaa" ataisoma "We desperately need rain" na kudhani wakulima wa Karamoja wameshakata tamaa, kumbe wanaisubiri mvua kwa hamu na hofu. Programu za kutafsiri za simu nazo huteleza hapohapo ukiziandikia neno moja peke yake. Ziandikie sentensi nzima.

Kwa nini basi tunasema TUKI ni nzuri kwa kusoma? Kwa sababu anayesoma tayari ana sentensi mbele yake, na sentensi itamsaidia kuchagua. Anayeandika hana msaada huo.

Sasa Oxford. Hii ni kamusi ya A. S. Hornby, iliyochapishwa na Oxford mwaka 1948, na toleo la kumi limetoka mwaka 2020. Uzuri wake kwa kazi yetu hauko kwenye maana. Uko kwenye kisanduku kidogo kilichokunjwa katika kurasa nyingi za tovuti, chenye jina Oxford Collocations Dictionary. Wengi hukipita bila kukibonyeza. Kibonyeze. Fungua ukurasa wa kitenzi "need" na utakuta vielezi vinavyoandamana nacho, "badly", "desperately", "urgently", vikiwa kundi moja. Kwenye kurasa za vielezi vingi kisanduku hufanya kazi kwa upande wa pili, yaani hukuorodheshea vivumishi na vitenzi ambavyo kielezi hicho hupenda kukaa navyo. Ujirani huo ndio nusu ya ujuzi wote.

Chukua "desperately". Vivumishi vyake ni vya hali mbaya: "ill", "poor", "lonely", "unhappy", "short of". Vitenzi vyake ni vya kutaka na kuhangaika: "need", "want", "try", "hope", "search", "fight", "cling". Ukisema "desperately happy" Mwingereza atashangaa, maana furaha haina dhiki ndani yake. "Urgently" ina majirani wachache zaidi: "need", "require", "seek", na umbo la kutendwa, "blood urgently needed". Haiandamani na vivumishi vya hali, kwa hiyo "urgently poor" haipo kabisa. Hata "I urgently want" husikika vibaya, kwa sababu "urgently" huzungumzia muda unaokwisha, na matakwa ya mtu hayana tarehe ya mwisho.

"Badly" ndiyo yenye mtego. Ikiwa na "need" au "want" maana yake ni sana: "The boda badly needs a new tyre". Ikiwa na "hurt", "injured" au "damaged" inaonyesha ukubwa wa madhara. Ikiwa na vitenzi vingine vingi inarudi kwenye maana ya vibaya, kwa hiyo "She cooks badly" haimsifu mpishi hata kidogo. Ina pia matumizi yanayofaa sana nyumbani na kazini: kwa kitu kinachohitaji kutengenezwa, "need" hufuatwa na kitenzi chenye "-ing", kama "The roof badly needs repairing" au "My phone badly needs charging". Ukiweka "desperately" kwenye chaji ya simu umetia chumvi. Waingereza wenyewe hufanya hivyo katika mazungumzo, lakini barua isiende huko.

Katika suala la majirani, Oxford haina mpinzani. Longman ina visanduku vya namna hiyo pia, ila havipatikani kwa maneno mengi kama hayo.

Mahali Longman inaposhinda ni kwenye nafasi ya kielezi ndani ya sentensi, na hapo ndipo Waswahili wengi huanguka. Kwa Kiswahili "sana" hukaa mara tu baada ya kitenzi: tunahitaji sana maji. Kiluganda hufanya vivyo hivyo na "nnyo". Anayeuhamisha mpangilio huo huandika "We need desperately water", na sentensi inavunjika, kwa kuwa Kiingereza hakitaki neno liingie kati ya kitenzi na shamirisho yake. Nafasi zilizo salama ni mbili. Ya kwanza iko kabla ya kitenzi kikuu: "We desperately need water". Ya pili iko mwisho, baada ya shamirisho: "We need water desperately". Kwenye maandishi chagua ya kwanza. Ya pili ni ya mdomo zaidi, na haifai kabisa shamirisho ikiwa ndefu. Sentensi kama "We need a new borehole for the two villages behind the school desperately" humfikisha msomaji mwisho akiwa ameshasahau kielezi kinaeleza nini.

Kukiwa na kitenzi kisaidizi, kielezi huja baada yake: "The farmers are desperately looking for seed", "The clinic has urgently requested blood". Hapa mwanafunzi makini atauliza swali, na ana haki: mbona kwenye kamusi kuna mifano kama "The doctors tried desperately to save her", ambapo kielezi kimekaa baada ya kitenzi? Kinachofuata hapo si nomino, ni kitenzi chenye "to". Katazo la kutenganisha linahusu kitenzi na shamirisho ya nomino. Mbele ya "to" kielezi kinaruhusiwa kuingia, na kwa "try" ndiyo nafasi inayopendwa.

Hakuna kamusi kati ya hizi inayoliandika hilo waziwazi kwenye ukurasa wa neno. Hujifunzwa kwa kutazama mifano, na mifano ya Longman ni mingi. Shuka hadi chini ya ukurasa na utaikuta sehemu ya Examples from the Corpus, yenye sentensi zilizochukuliwa kutoka maandishi halisi. Soma kama nane hivi, na kila moja uweke kidole kwenye kielezi ujiulize maswali mawili: kabla yake kuna nini, na baada yake kuna nini? Kazi hiyo ya dakika tano hufundisha zaidi ya ukurasa mzima wa kanuni. Longman pia imeandika maelezo yake kwa kutumia maneno ya msingi yapatayo 2,000, kwa hiyo anayeanza hatalazimika kutafuta neno la pili ili aelewe la kwanza. Hili lilikuwepo tangu toleo la kwanza la mwaka 1978 na bado ndilo sababu ya kuipendekeza kwa vidato vya chini. Nukta nyekundu kando ya neno zinaonyesha linavyotumika mara kwa mara: tatu ni la kawaida kabisa, moja ni la nadra zaidi.

Jambo jingine la kuiangalia Longman ni njeo. Kiambishi "-na-" cha Kiswahili hubeba kazi mbili: ninahitaji leo, ninahitaji siku zote. Ndiyo maana wengi huandika "I am desperately needing a job". Kitenzi "need" kwa kawaida hakikubali umbo hilo, na Longman huweka alama kando ya vitenzi vya namna hii kwamba havitumiki katika hali ya kuendelea. Alama hiyo iko kwenye ukurasa wa "need", wala hutaiona ukisoma ukurasa wa kielezi peke yake. Andika "I desperately need a job". Ukitaka umbo la kuendelea, badilisha kitenzi: "I am desperately looking for a job".

Ukanushi nao ni tatizo ambalo kamusi zote tatu zimeliacha wazi. "I desperately don't want to lose this room" maana yake ni kwamba sitaki kabisa kukipoteza chumba hiki. "I don't desperately need this room" maana yake ni kwamba chumba ninakihitaji, ila si kiasi cha kufa. Kuhama kwa kielezi kutoka kabla ya "don't" kwenda baada yake kumegeuza ujumbe, na mpangaji aliyekosea hapo atakuwa amemwambia mwenye nyumba ampe mtu mwingine. Kwa "try", ukanushi huingia kwenye kitenzi cha pili: "She tried desperately not to cry". Jambo hili lilistahili kisanduku chake. Kukosekana kwake ndiyo kasoro kubwa tunayoihesabia Oxford, kwa kuwa ina nafasi na ina mifano ya ziada ambayo ingeweza kulionyesha.

Matamshi yako vizuri kote kuwili. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutuletea "des-pe-RET-li". Kiingereza huweka mkazo mwanzoni kabisa, na kwa kasi ya kawaida silabi hubaki tatu, takriban "DES-prit-li". "Urgently" nayo ina mkazo mwanzoni. Kila tovuti ina alama mbili za spika, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, lakini rangi zimepishana: Oxford imeipa Uingereza bluu na Marekani nyekundu, Longman imefanya kinyume. Anayetumia zote mbili aijue tofauti hiyo, maana shule za Uganda hufuata Kiingereza cha Uingereza. Longman inaongeza sauti kwa sentensi nyingi za mifano, na hapo utasikia kielezi kikisemwa ndani ya mwendo wa sentensi. Kwa anayejiandaa kwa usaili wa kazi, sauti hizo pekee zinatosha kuifanya Longman iwe na thamani ya bando lake.

Tahajia haraka: ni "desperately", yenye "e" baada ya "p". Sikio halisaidii kwa sababu irabu hiyo hufifia au hutoweka, na ndiyo chanzo cha "desparately" inayoonekana hata kwenye mabango. Neno lenye "a" mahali hapo ni "separately".

Kuna suala la heshima na athari ya neno, ambalo kwa maoni yetu kamusi hulitaja kwa sauti ndogo mno. "Desperate" limetokana na Kilatini "desperare", kukosa tumaini, na harufu hiyo haijatoka. Oxford inafanya vyema kuanza na maana ya mtu ambaye matumaini yamemwishia na yuko tayari kwa lolote. Fikiri basi unachomwambia ofisa mikopo ukiandika "I desperately need this loan". Umemwambia kwamba huna njia nyingine, na yeye kazi yake ni kupima kama utalipa. Muuzaji wa duka la Kikuubo, jijini Kampala, akisikia neno hilo anajua bei haitashuka. Kwenye barua ya ofisi andika "urgently" ukieleza na sababu ya muda: "We urgently need the documents, because the term begins on Monday". Kwa hali ya kudumu isiyo na tarehe, kama jengo la shule lililochakaa, "badly" au "in urgent need of" hutosha. "Desperately" iache kwa mambo yanayolingana nayo: maji, damu, dawa, mtoto aliyepotea. Hapo lisemwe bila aibu, kwa kuwa hakuna neno jingine lenye nguvu hiyo.

Usiliongezee "very". "Very badly" na "very urgently" ni sawa. "Desperately" imeshafika juu. "So desperately" inakubalika, hasa ikifuatwa na "that".

Kuhusu gharama: tovuti za Oxford na Longman ni bure na zina matangazo. Kama bando ni dogo, fungua kurasa unazozihitaji kwa pamoja ukiwa kwenye mtandao, kisha zisome baadaye. Programu kamili ya Oxford ya simu hulipiwa. Kitabu cha karatasi cha Oxford cha matoleo ya karibuni huja na namba ya kufungulia huduma za mtandaoni. Ukinunua kilichotumika, hesabu kwamba namba hiyo huenda imeshatumika, na bei iendane na hilo. Longman ya karatasi toleo la sita ni ya mwaka 2014, na kwa vielezi hivi hakuna kilichopitwa na wakati. Tazama nakala kwa makini kabla ya kulipa. Nakala ya kurudufiwa mara nyingi huwa na alama za matamshi zilizofutika, na alama hizo zikipotea umepoteza robo ya kamusi. Kamusi ya Macmillan, iliyopendwa na walimu kwa nyota zake, ilifungwa mtandaoni mwaka 2023, kwa hiyo viungo vya zamani vinavyokuelekeza huko viache. Collins COBUILD inaeleza maana kwa sentensi kamili, njia iliyoanza nayo mwaka 1987, na mwenye kuipata asiitupe: sentensi ya maelezo yenyewe hukuonyesha kielezi kimekaa wapi.

Utaratibu tunaoupendekeza kwa sentensi moja ya barua ni huu. Anza na kitenzi kwenye Oxford, kwa kawaida "need". Fungua kisanduku, chagua kielezi kwa kujiuliza kama shida ni ya muda, ya ukubwa au ya dhiki. Nenda kwenye ukurasa wa kielezi hicho uhakikishe jirani wako yumo. Hamia Longman uone nafasi yake kwenye mifano, na kama sentensi ina "not", tafuta mfano wenye "not". Mwisho sikiliza. Mara ya kwanza itachukua muda. Vielezi ni vitatu tu, na baada ya barua chache hutahitaji kurudia hatua zote.

Kwa maktaba ya shule isiyo na intaneti ya uhakika, ushauri ni tofauti. Nunua nakala chache za Longman za kidato cha chini, na angalau moja ya Oxford Collocations Dictionary ya karatasi, toleo la pili la mwaka 2009, yenye michanganyiko ya maneno zaidi ya 250,000. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi jinsi ya kuifungua kabla ya kuwaachia. Vidahizo vyake, yaani maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa, ni nomino, vitenzi na vivumishi, hakuna vielezi, kwa hiyo mwanafunzi akianza kutafuta "desperately" kwenye herufi D hataikuta na atadhani kitabu kina upungufu. Afungue "need", atafute sehemu ya ADV. (vielezi), kisha asome kundi kwa kundi: mstari wa wima unatenganisha maana, na maneno yaliyo upande mmoja wa mstari ndiyo yanayokaribiana.